UZI: Mazoezi na mpangilio wa siku kwa mtu wa ofisini Mbeya, Iringa na Njombe

Mwanamlima

Wakuu, salaam. Uzi huu ni kwa mtu wa benki, wa halmashauri, mhasibu, mwalimu, muuza duka la dawa, yeyote anayeingia kazini saa 2 asubuhi na kutoka jua likiwa limezama. Ushauri mwingi unaozunguka kwenye magrupu umeandikwa kwa mtu wa Dar: amka saa 11 alfajiri, toka ukimbie. Mbeya mwezi Juni na Julai jua linachomoza karibu saa 1 kamili asubuhi, na kabla ya hapo nje kuna nyuzi chini ya 10. Mtu anajilazimisha siku tatu, ya nne kifua kimembana, mpango umekufa, na anabaki akijiona mvivu. Si mvivu. Amepewa ratiba ya pwani.

Ninachosisitiza ni kimoja: mazoezi ya mtu mwenye kazi nyingi yafungwe kwenye vitu ambavyo siku yake inavyo tayari. Safari ya kazini ipo. Kiti cha ofisini kipo. Ndoo za maji zipo nyumbani. Ukisubiri muda wa ziada upatikane, mwaka utaisha.

Kwanza kiwango. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, au 75 hadi 150 za mwendo mkali, pamoja na siku 2 au zaidi za kukaza misuli mikubwa. Mwongozo huo uliondoa sharti la zamani kwamba dakika zihesabiwe zikifika 10 mfululizo tu. Kwa hiyo dakika 12 za kwenda, 12 za kurudi na 6 za mchana zote zinaingia kwenye hesabu, na siku tano za kazi zinakufikisha 150.

Mwendo wa wastani unaujua hivi: unaweza kuongea sentensi nzima ila huwezi kuimba. Kwenye tambarare ni kama hatua 100 kwa dakika. Mlimani achana na kuhesabu hatua, sikiliza pumzi.

Anayetoka Uyole, Sae au Ilomba kwa daladala kwenda mjini anaweza kushukia Mafiati akapanda kwa miguu. Kipande hicho kina mlima wa kutosha kuamsha moyo. Tatizo la asubuhi ni jasho. Vua sweta KABLA ya kuanza kupanda, uanze ukiwa unahisi baridi kidogo. Ukisubiri mpaka shati lilowe, utakaa nalo bichi ofisini hadi saa 4 na mgongo utakaza. Beba fulana ya pili kwenye mkoba, ubadilishe ukifika. Asiyeweza kabisa kufika na jasho, asubuhi apande gari, jioni atembee.

Ofisini, inuka kila baada ya dakika 30 hadi 45, dakika mbili zinatosha. Usitegemee kukumbuka. Tumia bilauri ndogo ya maji badala ya chupa ya lita moja na nusu mezani, utalazimika kuinuka kuijaza. Simu za kazi pokea ukiwa umesimama.

Kamwene_Gangilonga

Kamwene wakuu. Naongezea upande wa Iringa. Anayekaa Kihesa na kufanya kazi mjini, njia yake ni ya miguu kabisa, haina haja ya bajaji. Ila mlima wa Ipogolo kuja mjini msiufanye uwanja wa mazoezi: kona ni kali, magari yanashuka kwa kasi, na pembeni nafasi ni ndogo. Anayetoka Ipogolo apande gari mpaka juu, ndipo aanze kutembea. Wikiendi kuna jiwe la Gangilonga, kupanda ni kufupi na kunafaa hata kwa anayeanza.

Popote pasipo na njia ya waenda kwa miguu, tembea upande wa kulia ili magari yaje usoni kwako. Magari yetu yanakwenda kushoto, ukitembea kushoto nawe lori la Tunduma linakujia mgongoni. Giza likiingia vaa kitu cheupe au kinachong'aa. Sweta jeusi la kazini halionekani.

Binti_Tukuyu

Mwanamlima, uzi mzuri. Sasa sisi wa Rungwe? Huku mvua ni miezi mingi, kutembea dakika 30 kila siku na nguo za ofisini haiwezekani. Na jimu hakuna karibu.

Mwanamlima

Dada, kwenu siku za mvua zihamishie ndani, na hapo ndipo tunapata zile siku 2 za misuli ambazo wengi wanaziruka. Huhitaji jimu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 5 ni kilo 5, ndoo ya lita 10 yenye mfuniko ni kilo 10 na kidogo. Ni vyuma unavyoweza kuongeza uzito kwa kikombe.

Pasha mwili kwanza dakika 5, na msimu wa baridi dakika 8 hadi 10: tembea papo hapo, zungusha mabega na nyonga, panda na kushuka kwenye kizingiti. Usianze kwa kujinyoosha ukiwa baridi.

Halafu mzunguko huu, mara 3, pumzika dakika moja kati ya mzunguko na mzunguko:

Kuchuchumaa na kusimama mara 10 hadi 15, dumu la lita 5 kila mkono. Weka kiti nyuma yako, makalio yaguse kiti kidogo tu kisha inuka.

Pushapu mara 8 hadi 12. Ukishindwa sakafuni, shika ukingo wa meza nzito. Ukishindwa mezani, ukuta. Ukipata 12 safi ukutani, shuka mezani.

Kuvuta ndoo mara 10 kila mkono. Mkono mmoja na goti moja juu ya kiti, mgongo ulale sawa kama meza, vuta ndoo ya lita 10 kuelekea kiunoni, si kuelekea kifuani. Mshikio wa ndoo unakata vidole, uzungushie kipande cha kanga. Watu wa kompyuta msiliruke hili, ndilo linalorudisha mabega nyuma.

Lala chali, magoti yamekunjwa, inua nyonga mara 15. Malizia na planki ya viwiko (egemea viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao) sekunde 20 hadi 40.

Jumla ni kama dakika 25. Ukimaliza mzunguko wa tatu na bado una uwezo wa kurudia mara nne au tano zaidi, uzito umekuwa mdogo, ongeza maji. Siku mbili hizo zisifuatane: Jumanne na Ijumaa, au Jumatatu na Alhamisi.

Kuruka kamba pia kunafaa kibarazani, sekunde 30 kuruka na 30 kupumzika, mara 8 hadi 10. Anayeanza aruke chini kabisa, kamba ipite tu. Ukiruka juu, vigimbi vitakushtaki kesho yake.

FizioNyanda

Naomba nirekebishe machache, maana majeraha ya mabonde yetu yana sura zake.

Watu wanaogopa kupanda, kumbe kinachoumiza ni kushuka. Mtu anapanda mlima Loleza hapa Mbeya Jumamosi (mita 2,656 juu ya usawa wa bahari), anashuka mbio, Jumatatu hawezi kushuka ngazi za ofisini. Unaposhuka, misuli ya mbele ya paja inafanya kazi huku inarefuka, na hilo ndilo linaloleta maumivu yanayofikia kilele kati ya saa 24 na 72 baadaye. Hayo si jeraha, yanakwisha yenyewe, na matembezi mepesi yanasaidia kuliko kulala. Dawa yake ni kushuka kwa hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea kidogo, na kuzoesha mwili kidogo kidogo kabla ya mlima mrefu.

Maumivu ya kuyaogopa ni tofauti: yanayochoma sehemu moja, yanayovimbisha goti, au yanayozidi kadiri unavyotembea. Ugoko ukiuma mahali padogo unapoweza kupagusa kwa kidole kimoja, acha kukimbia na ukaonwe, inaweza kuwa ufa kwenye mfupa.

Kwenye kuchuchumaa, makosa mawili yanajirudia. Magoti yanaingia ndani, na visigino vinanyanyuka. La kwanza, sukuma magoti yaelekee kidole cha pili cha mguu. La pili mara nyingi ni vigimbi vimekaza kwa kukaa na viatu vya kisigino. Weka kipande cha ubao cha sentimita 2 chini ya visigino kwa wiki za mwanzo, na huku unyooshe vigimbi ukutani sekunde 30 kila upande, asubuhi na jioni.

Pumzi msizuie. Toa pumzi wakati wa kusukuma au kuinuka. Kuzuia pumzi ukiwa na mzigo kunarusha presha juu ghafla.

Na kiti. Ofisi nyingi zina meza ya juu na kiti cha chini. Viwiko viwe usawa wa meza; kiti kikiwa chini weka mto, kisha miguu ikining'inia weka boksi la karatasi chini yake. Anayetumia laptopu siku nzima ainue skrini kwa mafaili mpaka ukingo wa juu ulingane na macho, na atumie kibodi ya pembeni. Bila kibodi ya pembeni kuinua laptopu kunahamisha tu maumivu kutoka shingoni kwenda mabegani.

Jasho_Lazima

Wakuu na heshima zenu, ila hizi dakika sita sita na bilauri za maji ni kujifariji. Bila kuhema na kutoka jasho hakuna mazoezi.

Mwanamlima

Mkuu, hapo una nusu ya haki. Kutembea kunalinda moyo, sukari na kiuno. Uwezo wa pumzi hauongezeki sana usipofika mahali pa kuhema. Kwa hiyo ongeza siku moja ya mlima kwa wiki. Tafuta kipande cha kupanda cha mita 100 hadi 150 kisicho na magari. Pasha mwili dakika 10, kisha panda kwa nguvu kwa dakika moja, mwendo ambao unaweza kutoa maneno mawili matatu tu. Shuka ukitembea, dakika mbili. Mara 4 wiki ya kwanza, ongeza mara moja kila wiki mpaka 8. Hapo umetumia dakika 35 na jasho umelipata.

Ila angalia urefu wa nchi. Mbeya iko kama mita 1,700, Njombe inakaribia 2,000. Kila pumzi hapa Mbeya ina oksijeni pungufu kwa karibu asilimia 18 ukilinganisha na Dar. Aliyehamishiwa kikazi kutoka pwani, au hata anayepanda kutoka Kyela, moyo utamwenda mbio kwa mwendo uleule aliouzoea. Wiki mbili za mwanzo atembee tu, milima ya nguvu ifuate baadaye. Wanaojiandaa na Mbeya Tulia Marathon wakitokea Dar nao waelewe hivyo: muda wa pwani usiwe lengo la huku.

Tena hewa kavu ya Juni hadi Agosti inakausha mwili bila kukutia kiu. Mkojo ukiwa wa njano iliyokolea saa 6 mchana, umechelewa kunywa.

Jikoni_Soweto

Mazoezi mmeyaeleza, sasa sufuria. Mtu wa kazi anaharibikiwa saa 7 mchana na saa 2 usiku, kwa sababu amefika na njaa na cha haraka ni chipsi mayai.

Suluhisho ni maharage ya Jumapili. Huku kwetu maji yanachemka kwenye nyuzi kama 94, si 100, ndiyo maana maharage yanagoma kuiva hata ukiongeza moto. Loweka kilo moja kwa muda wa saa 8 hadi 12, mwaga maji hayo, chemsha na maji mapya. Chumvi, nyanya na ndimu weka yakishalainika. Asidi ya nyanya inakaza ganda. Mwenye sufuria la presha anamaliza kwa sehemu ndogo ya mkaa. Kilo moja kavu inatoa zaidi ya kilo mbili zilizoiva. Gawa kwenye vyombo vidogo, ya siku mbili tatu kwenye friji, yaliyobaki yagandishe. Usiku ni kuunga tu, dakika 10.

Kikombe kimoja cha maharage yaliyoiva kina kama gramu 15 za protini. Yai lina 6, maziwa bilauri ya mililita 250 yana 8. Usipa (dagaa) wakavu wa Ziwa Nyasa, gramu 30 zinakupa 15 au zaidi, ila waliokaushwa chini wana mchanga: osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu, na uwatoe kwa mkono, usimimine na maji yake. Anayefanya zile siku 2 za ndoo alenge gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya mwili. Mtu wa kilo 70 ni 84 hadi 112 kwa siku, na inafikika bila nyama ya kila siku.

Kwa mama lishe, mwambie mapema: ugali nusu, mboga za majani mara mbili. Wengi wanakubali bila kuongeza bei. Sahani yako nusu iwe mboga, robo ugali au wali, robo maharage au samaki. Parachichi la Rungwe au Njombe ni chakula kizuri sana, lakini gramu 100 zina kalori kama 160, kwa hiyo nusu ya kubwa inatosha, na liwe MAHALI PA mafuta ya kukaangia, lisiongezewe juu yake.

Chai. Hapa ndipo kiuno cha ofisini kinapojengwa. Vikombe vitatu kwa siku, vijiko vitatu kila kimoja, kila kijiko kama gramu 4: umeshafika gramu 36 za sukari, na kiasi kinachopendekezwa kwa afya bora ni chini ya 25. Soda moja ya mililita 350 ni karibu gramu 35 peke yake. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea. Na chai ya rangi isinywewe pamoja na maharage au mchicha, inazuia madini ya chuma yasifyonzwe. Subiri saa moja. Kina dada wenye upungufu wa damu walizingatie sana hili.

Binti_Tukuyu

Ndaga fijo (asante sana). Swali la mwisho kwangu: usiku. Baridi inafanya mtu alale vibaya, asubuhi hana nguvu ya chochote. Wengine huku wanaingiza jiko la mkaa chumbani.

FizioNyanda

Jiko la mkaa chumbani HAPANA, na naomba kila anayesoma hapa amwambie na jirani. Mkaa unaowaka unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu. Haina harufu, haina rangi, na mkaa usiotoa moshi ndiyo unaodanganya zaidi. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi mzito, na aliyelala hazioni. Kufungua dirisha kidogo hakutoshi. Ukiona dalili hizo, toka nje kwanza, mtoe na mwenzako, kisha hospitali. Vilevile usifanye mazoezi ya ndani kwenye chumba chenye jiko, unapohema unavuta zaidi.

Joto la usiku lipate hivi: chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri na kuvikwa soksi, iwekwe miguuni nusu saa kabla ya kulala, soksi kavu, blanketi mbili nyepesi badala ya moja nzito. Kuoga maji ya moto saa moja hadi mbili kabla ya kitanda kunasaidia usingizi, kwa sababu mwili unapopoa baada ya kuoga ndipo unapolala.

Mtu mzima anahitaji saa 7 au zaidi. Kahawa ya mwisho iwe saa 8 mchana; zikipita saa tano hivi tangu uinywe, nusu ya kafeini yake bado iko mwilini. Bia ya usiku inakulaza haraka na kukuamsha saa 9. Na magrupu ya kazi yazimiwe sauti saa 3 usiku. Bosi mwenye dharura atapiga simu.

Kamwene_Gangilonga

Mkuu Fizio, na mwenye presha? Ofisi za watu wa miaka 45 kwenda juu ndiyo wengi.

FizioNyanda

Apime kabla ya kuanza. Akae dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu yote chini bila kukunja nne, mkono juu ya meza usawa wa moyo, kibofu kiwe kitupu, na nusu saa kabla asinywe kahawa wala kupanda mlima. Mkanda ufungwe kwenye mkono mtupu, si juu ya sweta, na hili huku kwa baridi linakosewa kila siku. Apime mara mbili, dakika moja katikati.

Ikiwa 140/90 au zaidi kwa siku tofauti, amwone daktari, na kutembea aendelee. Ikiwa 180/110 au zaidi, mazoezi yasubiri, aende hospitali kwanza. Anayetumia dawa asiache kwa sababu ameanza mazoezi. Na yeyote anayebanwa kifua mlimani, maumivu yakaelekea mkononi au tayani, asimame hapohapo, asijaribu kumalizia kipande kilichobaki.

Raba_Mwanjelwa

Mmesahau miguu, wakuu. Raba nyingi tunanunua mtumba soko la Mwanjelwa hapa Mbeya, na raba inaweza kuonekana mpya juu huku sponji ya ndani ya soli imekufa.

Jaribu mambo manne hapohapo kwa muuzaji. Bonyeza sponji ya pembeni kwa kidole gumba: irudi. Ikiwa ngumu au ina mikunjo mingi ya mlalo, weka chini. Kunja kiatu: kinatakiwa kipinde kwenye vidole, kikipinda katikati hakitashika unyayo. Kiweke juu ya meza ukitazame kwa nyuma: kikilalia upande mmoja, mwenye nacho wa kwanza alikuwa anakanyaga upande huo na kitakuvuta nawe. Jaribu gundi kwa kuvuta kidogo ncha ya soli, maana raba zilizokaa miaka stoo zinaachia mvua ya kwanza.

Nunua jioni, miguu ikiwa imetanuka, na soksi utakazotumia. Mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba. Wa huku tunashuka milima, kiatu kikibana mbele kucha inageuka nyeusi. Kikilowa usikianike kwenye jiko wala jua kali, gundi inayeyuka. Toa soli laini ya ndani, jaza magazeti, badilisha baada ya saa mbili, kesho kinavaliwa.